Kuku, Mwambie Mkwe Wangu

Binti yangu wa mwisho alisoma mpaka kidato cha sita, kisha wakamchukua kambini kwenye mafunzo ya vijana. Akarudi na mabega kama ya mpasua mawe, na amri mdomoni. Mpaka leo akishtuka hapigi yowe kama sisi. Nyoka akipita uani anasimama wima na kupaza sauti: "Teki kava!"

Siku moja nikamuuliza huyo ni mdudu gani. Akanijibu kwa ile sauti yake ya haraka, maneno yanasukumana kama mbuzi mlangoni: "Kiingereza hicho mama, yaani hatari ikija ghafla unajificha upesi popote palipo karibu, huchagui, unaingia tu."

"Kumbe," nikamwambia, "tumeuza ng'ombe usomeshwe kitu ambacho panya anakijua."

Tukacheka yakaisha. Hiyo ya "huchagui, unaingia tu" sikuishika. Ningeishika, siku ile ningetafuta mlango mwingine.

Kwetu huku upande wa Sepuka, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakutani. Vijana wa mjini wanakumbatiana na wakwe zao, nimewaona kwenye maharusi, na picha wanapiga. Sisi hapana. Mkwe akija, mimi napita nyuma ya nyumba. Simwangalii usoni, simpi mkono, jina lake silitaji. Nikiwa na neno nalipitisha kwa mtu. Na kichwa chake ndiyo kabisa. Bibi yangu alisema mwanamke aliyemshika mkwe wake kichwa, mikono yake itatetemeka mpaka kaburini, hata uji haufiki mdomoni.

Lakini kutomwangalia mtu siyo kutomsikia. Mimi shule sikwenda, ila sauti ya mtu nikiisikia mara moja, ninayo. Wengine wanajua mbuzi wao kwa madoa, mimi najua watu kwa koo. Huyu mkwe wangu, mume wa binti huyohuyo, anauza vipuri vya pikipiki kule mjini, Utemini, na anaongea kama yuko mnadani. Kila jambo analifunga hivyohivyo: "Mambo yote safi kabisa, bila shaka!" Ukimwambia tuna msiba: "Poleni sana wazee wangu, lakini mambo yote safi kabisa, bila shaka!" Sauti hiyo niliikamata siku ya mahari, nikiwa nyuma ya ukuta. Tangu hapo nikiitoa kisimani, wanawake wanaangusha ndoo.

Sasa binti akaja kwangu kujifungua, maana mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama. Akapata wa kike. Kitovu kilipodondoka tukapeleka habari mjini: baba aje amwone mwanawe.

Akaja. Shati jeupe, kifungo cha shingoni kimefungwa, na tai juu yake. Na marashi! Mimi nilianza kuyasikia marashi, pikipiki ikafuata baadaye.

Tukamkaribisha penye mgunga. Wakwe wote tumewaweka pale, kwa sababu ukikaa chini ya mgunga ule huuoni mlango wa jiko, na mimi naweza kutoka na kuingia bila kukutana na jicho la mtu. Na juu ya mgunga huo kuna mzinga wa mume wangu. Miaka yote wakwe wamekaa chini ya mzinga, na nyuki hawakuwahi kumgusa hata mmoja. Lakini wakwe wa zamani walinuka jasho na ng'ombe, nyuki wanawafahamu. Huyu alinuka kama duka.

Mume wangu akakaa naye. Mume wangu akisema neno moja, la pili unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ukalikuta bado liko njiani. "Mvua... mwaka huu... nanihii..." Na mkwe: "Safi kabisa!" Mtoto haonyeshwi kwa pupa. Kwanza mvua, kisha mifugo, kisha afya ya wazee, ndipo mgeni anaingizwa ndani. Kwa mwendo wa mume wangu walikuwa bado wako kwenye mvua.

Mimi nilikuwa nyuma ya jiko navunja mabua ya alizeti ya kupikia. Jiko langu ndiyo ile tembe yetu ya zamani: kuta za miti na udongo, paa la udongo, mlango mmoja mfupi, dirisha hakuna. Wanangu wamejenga nyumba ya matofali na bati pale mbele, lakini chakula hakipikiki kwenye bati.

Nikasikia kama mtu anachana kitambaa kirefu. Halafu mume wangu, ambaye tangu anioe sijamsikia akiharakisha, akaharakisha: "Nyuki!"

Na binti kutoka nyumba kubwa: "Teki kava! Teki kava!"

Nikajitupia kitenge kichwani nikakimbia. Mmoja akanipata sikioni, mwingine kisiginoni, nikaruka kama msichana. Mlango wa nyumba kubwa nikausikia ukifungwa kwa kishindo, na vizuri, kuna kichanga mle. Nikaingia jikoni, nikavuta mlango, nikaukaza kwa mchi wa kinu.

Giza. Moto ulikuwa umebaki makaa. Nikasimama pale nahema, sikio linawaka, na hasira zimenijaa juu ya yule aliyetuletea haya yote na marashi yake. Nikijua niko peke yangu, ikanitoka yenyewe, kwa sauti yake kabisa: "Mambo yote safi kabisa, bila shaka!"

Gizani mtu akakohoa.

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na mafiga. Alikuwa amejibana pale kwenye pembe ya magunia, ameingia kabla yangu. Yeye Kiingereza kile cha mkewe alikielewa haraka kuliko mimi, akaingia mlango wa karibu bila kuchagua, kama alivyoagizwa.

Nikageukia ukuta. Nikasikia na yeye anageukia ukuta wake. Nikashika mchi nitoke, afadhali nyuki. Nikaufungua mlango upana wa kidole, na kidole chenyewe kikachomwa. Uwanja wote ulikuwa unavuma. Nikafunga.

Binti aliwahi kunieleza kwamba hiyo "teki" ni chukua. Ati wazungu hatari ikija wanachukua maficho. Mimi sikuchukua kitu. Jiko ndilo lilinichukua, likanifunga na mtu mmoja ambaye sitakiwi hata kuvuta pumzi yake.

Tukakaa hivyo, mgongo kwa mgongo. Kulikuwa na kuku wangu mwekundu ameatamia kwenye tenga karibu na mlango. Ndiye mtu wa tatu mle ndani.

Mkwe akaanza. "Kuku," akasema, taratibu, kama anayejaribu maji kwa mguu. "Nipelekee shikamoo kwa mama."

Nikafikiri. Nikaona hakuna ubaya, mjumbe ni mjumbe. "Kuku, mwambie marahaba. Na umuulize nyuki wamemng'ata wapi."

"Kuku, mwambie mama ni kidogo tu. Usoni, shingoni na kwenye mdomo. Asiwe na wasiwasi. Mambo yote..." Akajikata. Akakumbuka nilivyoingia. "Mambo siyo mabaya."

"Kuku, mwambie amalizie tu. Hapa hakuna mgeni."

Akacheka, na mimi nikacheka ukutani. Kuku akanguruma, hapendi kelele.

Ndipo binti akapaza sauti kutoka dirisha la nyumba kubwa. "Mama! Uko wapi mama?"

"Niko jikoni!"

"Mume wangu umemwona amekimbilia wapi?"

Ukilisema neno kama lile kwa sauti, majirani wote wanalo, na jirani yangu wa upande wa kisima ana pua ya kusemea: "Nnnh, mwenzetu kajifungia jikoni na mkwewe, nnnh." Lakini binti aliuliza tena, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa ya kambini. Ilikuwa ile ya utotoni, ya homa.

"Yuko huku na mimi," nikasema.

"Wamemng'ata?"

"Wamemng'ata."

"Mama, yeye nyuki hawamfai! Mwaka juzi alimchoma mmoja tu, mmoja mama, akavimba koo, hospitali wakasema angechelewa kidogo asingefika! Mama wangapi?"

Nikasema, "Kuku, muulize mbona hakuniambia."

"Kuku... mwambie... sikutaka kumsumbua mama."

Na hapo ndipo nikasikia. Sauti ile ya mnadani haikuwepo. Ilikuwa kama mtu anaongea ndani ya blanketi. Herufi zilikuwa zinaburuzika mdomoni.

"Kuku, mwambie aseme maneno yake yale."

"Mambo yofe fafi..."

"Mwambie arudie."

"Mambo..."

Ya pili ilikuwa nyembamba kuliko ya kwanza. Kati ya neno na neno kulikuwa na mluzi, kama upepo unapita kwenye tundu la mlango. Na mluzi ule mimi sikuweza kuuiga. Nilijaribu, kooni mwangu haukukaa. Nikaogopa.

Kule nyumba kubwa mtoto akaanza kulia. Kilio cha mtoto mchanga, kikali, cha njaa. Kikapita kwenye udongo wa ukuta kikatufikia. Mkwe akashtuka.

"Kuku," akasema kwa ule mluzi, "huyo... ndiye?"

"Ndiye," nikajibu, kuku nimemsahau. "Ndiye mwanao. Ndivyo anavyolia akitaka ziwa."

Amekuja kutoka Utemini kumwona, na yuko hatua chache, hajamwona. Na mimi nimegeukia ukuta kwa heshima, nasikiliza anavyokufa.

"Kuku," nikasema, "mwambie naja. Mwambie afumbe macho kama anaona haya."

Akasema, "Yamejifumba."

Nikachochea makaa nipate mwanga. Jamani. Yule kijana mzuri hakuwa na uso. Macho yameingia ndani ya nyama, mdomo umegeuka nje kama wa beberu, na tai bado imekaza pale shingoni kama mtu anamwongoza sokoni. Nikaifungua tai. Sikujua inafunguliwaje, nikaikata kwa kisu cha mboga. Nikang'oa kifungo.

Kisha nikamshika kichwa. Mikono yote miwili. Nikasubiri kidogo nione kama inaanza kutetemeka. Haikutetemeka. Nikamkalisha aegemee magunia, nikaanza kuikwangua miiba kwa kisu, kimgongomgongo, maana ukiifinya kwa vidole sumu inaingia. Nyuma ya sikio, kidevuni, mdomoni. Alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Hata pale alikuwa anajitahidi asiniguse.

Binti huko nje: "Mama! Nimempigia mwenye toyo ya mizigo! Anasema uani haingii, nyuki watamuua, atasimama kule barabarani! Mlete mama!"

Mlete. Kutoka jikoni mpaka barabarani unapita uwanja mzima, unapita mbele ya nyumba kubwa, unapita mgunga wenyewe.

Nikasema nitawasha moshi, nyuki watoke. Nikatupia samadi kavu kwenye makaa. Moshi ukajaa, na mkwe akaanza kukohoa kile kikohozi kisicho na hewa, nikauzima haraka kwa maji. Nikaelewa tulivyokamatika. Moshi unawafukuza nyuki, na moshi huohuo unamuua yeye. Nje hewa ipo, na nje nyuki wapo. Nilizunguka jiko lile kama kuku aliyeona kisu. Nilipapasa kuta ambazo nimezikandika mwenyewe kwa mikono yangu, natafuta tundu ambalo najua sikuliacha.

Mume wangu akaita kutoka nyumba kubwa. Na kope zake zimechomwa, hatoki. "Mama... watoto..."

"Sema baba, sema leo usilale njiani!"

"Mwenge wangu... wa kurinia asali... uko darini. Juu ya... nanihii... ya moto. Washa. Moshi uwe mbele... siyo ndani. Na usikimbie." Akapumzika. Nilitaka kumpiga. "Ukikimbia wanakufuata. Tembea... kama umebeba maji."

Nikauvuta mwenge, maganda ya mti yaliyofungwa kwa kamba, umekauka kama mifupa. Nikauwasha kwenye kaa moja lililosalia, nikaupuliza moto ukafa, moshi ukabaki. Nikamsimamisha mkwe. Mzito! Vipuri vinalipa. Nikamlaza kichwa begani kwangu, nikatandaza kitenge kikatufunika wote wawili, mtu na mkwe wake chini ya nguo moja, Mungu wangu. Kwapani mwake nikasikia yale marashi.

Nikaondoa mchi. Kuku akanitazama. Tukamwacha na mayai yake.

Kubeba maji najua. Tangu utoto nabeba. Shingo unainyoosha, macho mbele, miguu inajua yenyewe. Nyuki wakaanza kupiga kitenge, tap, tap, kama mtu anatupia punje za mtama. Wengine wakapenya. Mkono ulioshika mwenge wakaufanyia karamu. Nikatembea. Yeye alikuwa anaburuza viatu, na ule mluzi wake uko sikioni kwangu, kwenye sikio lililochomwa, unaingia, unatoka, unakawia kuingia.

Tulipofika mbele ya dirisha la nyumba kubwa mtoto alikuwa bado analia. Mkwe akasimama. Miguu ikagoma palepale. Akageuza lile puto la uso kuelekea kwenye kilio, haoni kitu, anataka kusimama pale tu asikilize. Nyuki wamezidi. Na kuku sikuwa naye.

"Mwanangu," nikamwambia, mwenyewe, mdomo wangu kwa sikio lake. "Tembea. Utamwona. Tembea."

Akatembea.

Barabarani mwenye toyo aliinuka kutoka nyuma ya gurudumu amejifunika gunia la vitunguu kichwani, kwa hiyo nyuki wachache waliotufuata wakawa wanamwona vizuri tu kupitia matundu. Tukamlaza mkwe kwenye bodi. Mimi nikapanda nikamwinua kichwa magotini, njia nzima mpaka hospitali ya Ikungi, siku ya gulio, watu wamejaa barabarani, na waliotujua wakashika midomo. Mwenye toyo anapiga honi na kulia kwa pamoja: "Pisheni! Uwiii! Pisheni!" Wakamchoma sindano pale mlangoni kabla hata ya kumwingiza. Nikasikiliza. Ule mluzi ukanenepa kidogo, ukawa pumzi, pumzi ikawa mkoromo. Mkoromo mbaya, wa mjini. Nikakaa chini.

Kesho yake mume wangu na binti wakaja na mtoto. Mimi nikatoka wodini, nikakaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, kila mtu na mahali pake. Nikasikia mkwe anampakata mwanawe. Macho bado yamefumba, anampapasa.

"Anafanana na nani?" akauliza.

Mume wangu akaanza: "Ana... fanana..."

Nikaona tutakesha. Nikasema kutoka nje, kwa kisauti kidogo, chembamba, cha mtoto mchanga: "Baba shikamoo! Mambo yote safi kabisa, bila shaka!"

Alicheka mpaka mdomo ukapasuka, na nesi akatoka kunigombeza.

Wazee wakakaa kikao. Mmoja wao, anayesema kama anatafuna hata akiwa hana kitu mdomoni, akasema: "Myam, jambo hili halijawahi kuonekana, myam, lazima mbuzi." Mbuzi akachinjwa, wakala wao. Tukatangaziwa kwamba tumesafika, na mambo yarudi kama zamani, mkwe huku, mama kule. Sikubisha. Nilivyokaa siku ile jikoni, nafasi kati yangu na mkwe wangu naiona ni kitu kizuri, ikiwa mlango uko wazi.

Mikono yangu inatetemeka kidogo siku hizi nikishika kikombe. Jirani wa kisima anasema "nnnh." Mimi nasema ni umri, na kama siyo umri, basi.

Alipokuja tena, hatukumweka kwenye mgunga. Mzinga haukuhamishwa, mume wangu alisema nyuki walitangulia wakwe. Kiti kilipelekwa nyuma ya zizi. Mimi nikawa jikoni, mlango wazi, namsikiliza anashuka kwenye pikipiki. Hakuna marashi. Jasho tupu, safi. Na kwapani amebeba kuku wa mjini, mweupe, mnene, hajawahi kukanyaga udongo.

Akamweka chini, akamsukuma taratibu upande wa jiko.

"Kuku," akasema, ile sauti ya mnadani imerudi yote, "nenda kwa mama, mpelekee shikamoo yangu."

Nikasubiri. Kuku wa mjini akaangalia huku, akaangalia kule, akaingia zake kwenye mabua ya alizeti. Hajui njia. Nikasubiri tena, na kule nyuma ya zizi mkwe naye anasubiri, heshima imemshika shingo kama ile tai.

"Marahaba, mwanangu," nikaitika mwenyewe.